Kindi, kima na tungule za Muyuni: mjue kwanza anayekula

Swali: Assalamu alaykum. Mimi na mume wangu tuna bustani nyuma ya nyumba, Muyuni, karibu na msitu. Nimepanda kunde, mahindi kidogo, bamia, matango na tungule. Kila nikitia mbegu, siku ya pili nakuta zimefukuliwa. Zinazosalimika zikizaa, tungule zinatafunwa zikiwa mtini. Nimemuona kindi kwa macho yangu, na kima wanapita juu ya mwembe wetu. Jirani ananishauri nipake sumu kwenye dagaa niwatupie. Moyo haunipi, lakini nimechoka. Nifanye nini? Au nijenge ukuta kuzunguka bustani nzima?

Jibu: Waalaykumu salaam, dada yangu wa Muyuni.

Nianze na sumu, maana hilo haliwezi kusubiri. Usiitie. Kindi chakula chake ni mbegu, kokwa, machipukizi na matunda, na mdudu akimpata. Dagaa wenye sumu hawamhusu. Watakaowala ni paka wako, kuku wa jirani, ngawa anayepita usiku, na Mungu aepushe, mtoto anayetambaa. Hata ukiihamishia sumu hiyo kwenye punje za mahindi ili kindi aile, mzoga wake utaokotwa na mwewe, na panya aliyeila atakamatwa na bundi, na hao ndio wanaokusaidia bila ya wewe kuwalipa. Najua wengi kwetu hawapendi kumsikia bundi akilia juu ya paa. Mimi humuomba kila mwenye bustani amwache alie, kwani panya ndio chakula chake cha kila usiku.

Kuna na jambo la ardhi. Muyuni, kama Makunduchi, Kitogani na Jambiani, ni nchi ya mawe. Udongo ni kidogo sana juu ya matumbawe ya kale, na mvua ikinyesha maji hayatiririki, huzama moja kwa moja kwenye nyufa na mapango. Hayo ndiyo maji ya visima vyenu, na sumu itazama nayo. Mashamba ya udongo mzito kama Kizimbani au Mwera angalau yana tabaka nene la kuchuja kabla ya maji kufika chini. Kwenu hakuna. Na mbali ya hayo ipo Sheria ya Misitu namba 10 ya mwaka 1996, inayohifadhi misitu ya Zanzibar pamoja na wanyama wake. Kumuua kima punju, yule mwekundu nitakayemweleza mbele, ni kosa, awe amekufa kwa panga au kwa dagaa wa jirani yako.

Basi tuje kwa mwizi. Umeandika kindi, lakini nilivyokusoma, bustani yako ina wageni watatu kwa uchache, na kila mmoja ana saa zake na meno yake. Hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Mtu ananunua seng'enge kwa ajili ya kindi kumbe anayekula ni kima, atakayeiruka asiione. Mwengine anakaa bustanini mchana kutwa na fimbo, kumbe wizi ni wa saa nane usiku.

Jioni, baada ya sala ya magharibi, chekecha majivu au chukua mchanga laini, utandaze ukanda wa upana wa viganja viwili kuzunguka tuta ulilotia mbegu. Utazame alfajiri kabla hujafungua kuku. Ukikuta nyayo muda huo, si za kindi. Kindi ni mnyama wa mchana, jua likizama yumo tunduni mwake mtini. Nyayo za alfajiri ni za panya, za buku, za komba au za ngawa, na ukiona kwato mbili ndogo zilizochongoka mbele, huyo ni paa. Zifute, utandaze upya, utazame tena adhuhuri. Zilizoingia baina ya saa moja asubuhi na adhuhuri ndizo za kindi, za kunguru na za kuku wako mwenyewe. Kuku usiwasahau. Mbegu nyingi za kunde zinazodaiwa kuliwa na kindi zimepekuliwa na kuku wa nyumbani, na tofauti ni rahisi kuiona: kuku hupekua tuta zima na kurusha udongo nyuma yake, kindi hufukua shimo moja dogo pale pale ilipo mbegu, halafu anakwenda kwenye shimo la pili kwa mstari ule ule ulioupanda wewe. Pembeni mwa shimo huacha maganda.

Kisha itazame tungule yenyewe. Usiitupe. Iokote, ioshe, uishike kwenye mwanga. Kindi hula akiwa ameishika kwa mikono miwili, na meno yake ya mbele huacha mifereji midogo, miwili miwili, iliyolingana kama kazi ya patasi nyembamba. Mara nyingi hula ubavu mmoja akaiacha tungule ikining'inia. Panya ana meno ya namna hiyo hiyo ila mifereji yake ni myembamba zaidi, na hupenda zile tungule za chini zinazogusa udongo, na karibu yake hukosi kuona mavi meusi membamba. Kima hana uangalifu huo. Huichuma tungule pamoja na kikonyo, huitia meno mara moja, huitupa na kuchukua nyengine, na utaikuta chini au juu ya ukuta ina alama pana ya meno. Tawi litakuwa limevunjika. Ukiona matawi yaliyovunjika usimlaumu kindi, uzito wake hautoshi kuyavunja. Shore na kunguru hudonoa: shimo lina kingo zilizochanika na limeingia ndani, na nyama imetolewa vipande vipande.

Na ukikuta tundu dogo la mviringo, safi, karibu na kikonyo, ipasue. Ndani utamkuta kiwavi. Huyo hakuna uzio unaomzuia, na wako watu wanaomwinda kindi mwaka mzima kwa makosa ya kiwavi. Majani yaliyotafunwa usiku na ute mkavu unaong'aa juu ya jiwe ni kazi ya kowa, wale konokono wakubwa. Waokote na taa baada ya isha, hasa siku ya mvua, na usiache mbao na makuti yaliyolala karibu na matuta maana ndimo wanamoshinda mchana.

Hapo kuna jambo ninaloliweka moyoni, nalo ni hao kima wa juu ya mwembe. Angalia ni kima gani. Kima wa kawaida ana rangi ya kijivu inayokwenda kwenye weusi, na shingoni ana weupe. Huyu anakula karibu kila kitu: matunda mabivu, mahindi, tungule, matango, mbegu za maboga. Huyu ndiye mwizi wako. Kima punju ana mgongo mwekundu, mabega meusi, tumbo jeupe na nywele nyeupe zilizosimama kuuzunguka uso mweusi, na mkono wake hauna kidole gumba cha maana. Yeye ni mla majani. Tumbo lake lina vyumba vinne vinavyochachusha majani, na tunda bivu lenye sukari nyingi humharibia mchachuko huo, ndiyo maana huchagua machipukizi ya mwembe na ya mkungu, na matunda akiyala huyala mabichi. Tungule nyekundu si chakula chake. Lakini kwa kuwa wanatembea kundi kubwa, wanakaa wazi na hawakimbii upesi, yeye ndiye anayeonekana, na anayeonekana ndiye anayepigwa mawe.

Hata kwenye minazi, wakulima wa pembezoni mwa msitu wa Jozani walikuwa na hakika kwamba kima punju anawamalizia nazi kwa kula vidaka, yaani nazi changa. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walilifuatilia jambo hilo mnazi kwa mnazi na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Walikuta kwamba kula kwao vidaka hakukupunguza mavuno, na kwamba mahali walipokula zaidi, nazi zilizovunwa zilikuwa nyingi zaidi. Mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi kila mwaka, na vinavyobaki hupata nafasi ya kukua. Mnyama huyu hayuko popote duniani kwa asili isipokuwa Unguja. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 na WCS, shirika la kuhifadhi wanyamapori, ilikuta zaidi ya 5,800, ambao ni wengi kuliko tulivyodhani kabla, lakini kwa aina nzima ya mnyama bado ni wachache, na baadhi yao wanaishi nje ya hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yaani mashambani mwetu na juu ya miembe kama huo wako. Kwa hivyo kila nitakalokwambia hapa chini, nimelipima kwanza kama linaweza kuwadhuru.

Tuanze na mbegu, maana hapo ushindi ni wa haraka.

Anachokitafuta kindi ardhini ni mbegu yenyewe, ule unga na mafuta yaliyomo ndani yake. Kunde katika joto letu huota ndani ya siku nne hadi saba. Yale majani mawili manene ya mwanzo yakishasinyaa na mche ukatoa majani yake ya kweli, mbegu imekwisha kutumika, na kindi hana tena cha kufukua. Muda wa hatari ni wiki mbili tu. Huna haja ya uzio wa mwaka mzima kwa ajili ya kunde. Kinachotakiwa ni kifuniko imara cha wiki mbili, halafu unakihamishia tuta jengine.

Kifuniko bora ni seng'enge ya tundu za nusu inchi. Seng'enge ya kuku ya inchi moja humzuia kindi mkubwa, lakini panya mdogo hupita. Ikunje iwe mgongo wa tembo juu ya tuta, urefu wa shubiri mbili katikati, na ncha zote mbili uzifunge kwa vipande vya seng'enge hiyo hiyo. Usiache ncha wazi hata kidogo, kindi atazunguka mpaka aione. Vitabu vingi vya bustani vitakwambia uzike ukingo wa seng'enge futi moja chini ya ardhi. Hilo jaribu Dole au Mwera. Muyuni mtaimbo utagonga jiwe kabla ya kufika kiganja. Badala ya kuzika, ukunje ukingo nje ya tuta, ulale juu ya ardhi kwa upana wa futi moja, na juu yake panga mawe, ambayo kwenu hayanunuliwi. Mnyama anayefukua huanza kufukua pale anapokutana na kizuizi. Akikwama kwenye seng'enge iliyolala chini ya miguu yake, hajui kurudi nyuma futi moja na kuanzia huko. Njia hii humshinda hata buku, na wale wanaoishi kwenye mawe ndio inaowafaa zaidi.

Kama seng'enge haijapatikana, waulize wavuvi wa Muyuni au Kizimkazi madema mabovu. Dema lililopasuka haliwezi tena kuvua, lakini ukilikata katikati na kulifunika juu ya tuta linafanya kazi ya msimu mmoja au miwili. Matundu yake yanampitisha panya, kwa hivyo ni la kindi, kuku na kunguru tu. Liwekee mawe juu.

Nyavu kuukuu nazo watu wanazitumia sana, nami nina neno juu yake. Zile za uzi mmoja mwembamba wa nailoni, zisizoonekana vizuri, usizitumie bustanini. Ndege hunasa, mijusi hunasa, komba akishuka usiku hunasa akakatika mkono, na asubuhi utalazimika kumnasua mwenyewe kwa kisu akiwa hai. Tumia nyavu za uzi wa kusokotwa, zenye matundu madogo, na zivutwe zikaze kwenye fito pande zote. Wavu uliolegea ni mtego. Na kumbuka kindi huutafuna wavu akiwa na sababu ya kutosha, kwa hivyo kwenye mbegu wavu ni wa mwisho, kwenye matunda unafaa zaidi.

Chandarua kiache kitandani. Dawa iliyomo haikukusudiwa mboga, na mapambano yetu na malaria hayajaisha. Kina tatizo jengine vilevile: tundu zake hazipitishi nyuki. Tango na boga zina maua ya kiume na ya kike mbalimbali, na bila ya nyuki ua la kike husinyaa likaanguka na kijitunda chake. Nimeulizwa mara nyingi na watu wenye matango yasiyoshika, na nikienda nakuta yamefunikwa tangu asubuhi. Maua hayo hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya alasiri. Seng'enge ya inchi moja nyuki anapita bila ya shida. Ya nusu inchi pia anapita, lakini ukiweza kuifungua asubuhi ukiwa upo hapo bustanini, fungua.

Njia nyengine kwa mbegu, nayo ndiyo naipenda zaidi kwa mwenye bustani ndogo, ni kutozitia ardhini kabisa. Otesha kwenye vifuu vya nazi vilivyotobolewa chini, au kwenye vikombe vya majani ya mgomba vilivyofungwa kwa uzi. Kunde na matango hayapendi kuchezewa mizizi, kwa hivyo jani la mgomba ni bora kuliko kifuu, unazika pamoja na kikombe chake na jani linaoza. Panga vikombe juu ya kichanja cha miti, na kila mguu wa kichanja uvike kipande cha bati laini kilichozungushwa, panya asipande. Funika juu kwa seng'enge. Miche ikitoa majani mawili ya kweli, ipeleke tutani jioni, jua likipungua. Kindi ataipita.

Bati hilo hilo linaweza kukufanyia kazi kubwa zaidi. Kindi wako anakuja kwa mti, na wewe umeniambia mwembe uko hapo hapo. Tazama matawi yanayoning'inia juu ya bustani na uyakate mpaka kuwe na uwazi wa hatua mbili tatu baina ya ncha ya tawi na tuta. Ardhini kindi ana khofu, kwa sababu ya mwewe. Uwanja mweupe usio na magugu wala rundo la kuni ni safari asiyoipenda. Kama uko mnazi au mpapai uliosimama peke yake, usiogusana na mti mwengine, uzungushie bati la upana wa futi mbili kwa kimo cha mtu mzima. Wazee walikuwa wakifanya hivyo kwenye minazi kuzuia panya wasifikie madafu. Bati likae limeshikana vizuri na lisiwe na mikunjo ya kushikia, na ulilegeze kila mwaka mti usikabwe.

Mwembe mkubwa wenyewe usiukate. Ukiukata, kindi atahamia mti wa jirani, kima punju watakosa majani, na wewe utakosa embe na kivuli.

Sasa tungule, ambazo ndizo zinakuumiza. Kuchelewa kuzichuma ndiko kunakowapa wanyama nafasi. Tungule inapoanza kubadilika rangi kidogo tu kwenye kitako, ikatoka kijani kwenda uwaridi, mmea umekwisha kuipa karibu kila kitu. Ichume hapo. Iweke ndani, juu ya mkeka, mbali na jua, isiwe kwenye friji kwa sababu baridi inazima utamu wake, na ukitaka haraka weka ndizi mbivu katikati yake. Ndani ya siku chache zitakuwa nyekundu na utamu hautapungua kwa kiasi cha mtu kulalamika. Bustani isiyo na tungule nyekundu haimwiti kima kutoka mbali. Wengi hawaamini mpaka wajaribu, kwa sababu tumezoea kwamba tunda huivia mtini. Chuma kila siku, mchana, kabla ya saa tisa.

Nasema kabla ya saa tisa kwa sababu kima wana ratiba. Hushuka asubuhi mapema mpaka kiasi cha saa nne, jua likiwaka hupumzika kivulini, kisha hurudi saa tisa mpaka karibu na magharibi. Wiki zile ambazo matunda yako yanaiva, kazi zako za bustani zipange ziangukie saa hizo: kumwagilia, kupalilia, kufunga miti ya tungule. Kima anaogopa mtu aliyeko zaidi kuliko kitu chochote utakachotundika. Sanamu lililovishwa kanzu, mikanda ya kaseti, sahani zinazometa, vyote hufanya kazi siku chache za mwanzo. Baadaye utamkuta kima amekaa juu ya kichwa cha sanamu. Ukitaka kulitumia sanamu, litoe siku chache tu za mavuno, lihamishe kila siku, kisha lifiche ndani mpaka msimu mwengine.

Na katika eneo lako lote, asilishwe kima. Wageni wanaotoka Paje na Jambiani huwapa ndizi ili wapige picha, na kima aliyezoea kupokea kwa mkono huja jikoni mwako kudai. Jaa la maganda na makombo nalo ni kulisha. Lifunike kwa udongo au lihamishe mbali na bustani.

Pilipili umeisikia bila ya shaka. Inafaa, ukijua mipaka yake. Ukali wake humuunguza mnyama anayenyonyesha: kindi, panya, kima, paa. Ndege hausikii kabisa. Shore hula pilipili mbivu na kwenda kuziotesha kwengine. Kwa hivyo kama anayekula tungule zako ni shore au kunguru, unamuongezea kachumbari tu. Twanga pilipili kichaa kavu zijae kikombe cha chai, loweka kwenye maji ya ndoo ndogo usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia kipande kidogo cha sabuni iliyokunwa ili ishike kwenye jani, na nyunyizia. Funika macho na pua, na usisimame upande unaoelekea upepo. Nyunyizia majani na mashina na udongo wa juu ya mbegu, na matunda yaoshwe kabla ya kuliwa. Mvua moja ya vuli inaiondoa yote, itabidi urudie. Nami nisingeitegemea peke yake. Iongeze juu ya kifuniko.

Panda pilipili, mrehani, mchaichai na vitunguu kwenye ukingo unaoelekea msituni, na tungule na matango uyalete karibu na mlango wa jiko. Mimea hiyo ya harufu haimfukuzi mnyama, lakini ni ile anayoiacha, na ukingo wa msitu ndiko anakojaribu kwanza.

Umeuliza kwa mkato kama ujenge ukuta kuzunguka bustani nzima. Huko kusini wazee walijenga kuta za mawe makavu kuzunguka makonde yao, bigili, na walikuwa na sababu nzuri: nguruwe. Kama umeona udongo umepinduliwa kwa mapana usiku mmoja na muhogo umeng'olewa, basi jenga, kimo cha kifua, maana kwa nguruwe hakuna jengine la kudumu, na uwaeleze watu wa Idara ya Misitu, ambao ndio wanaojua utaratibu wa wasasi. Paa naye ukuta wa kimo hicho unamtosha. Huyo ni mharibifu mdogo, hupita usiku akila ncha za majani ya kunde na ya viazi, na ncha hubaki zimechanika kwa sababu hana meno ya mbele ya juu. Usimtegee, baina yao yuko paa nunga, aliye katika hatari ya kutoweka.

Lakini kwa kindi na kima ukuta ni njia ya kupita tu. Tena mawe yasiyo na chokaa ni nyumba nzuri ya panya na buku. Kwa shida uliyoieleza wewe, fedha ya ukuta inunue seng'enge mita kumi na bati chakavu, na utabakiwa na akiba.

Msomaji wa Pemba atakayesoma haya, mahali niliposema kima yeye asome tumbili, na ushauri wa kuchuma mapema na wa saa za ulinzi ni ule ule.

Kwa wiki hii, fanya hivi: leo jioni tandaza majivu, kesho chuma kila tungule iliyoanza kupata rangi, na mbegu zilizobaki zitie kwenye vikombe vya mgomba kabla vuli haijashika. Jirani yako mweleze habari ya kisima, maana huenda maji mnayokunywa ni ya kisima kimoja. Akikataa, mwendee sheha mapema, kabla dagaa hao hawajatupwa. Na kama kundi la kima linapita kwenu nyote, kaeni nyumba tatu nne mpangiane zamu za asubuhi na alasiri katika zile wiki za mavuno. Mtu mmoja aliyesimama mwanzo wa njia yao ya miti analinda bustani zote zilizo mbele yake.